Kila Nikikanyaga Breki

Jumanne, 5 Machi

Muuguzi amenipa karatasi niandike kila siku mgonjwa amekula nini, amelala vipi, maumivu yamekuwaje. Hayo nitayaandika kwenye karatasi zake. Haya mengine, ambayo hakuna muuguzi atakayeyauliza, nayaandika hapa.

Mvua za msimu zimeanza leo. Tumetoka hospitali inanyesha, lami inang'aa kama imepakwa mafuta. Tulipofika kwenye ule mteremko mrefu unaoshuka hadi darajani nikakanyaga breki, na usukani ukaanza kunicheza mikononi. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, harakaharaka, kama cherehani yangu inapopita kwenye kitambaa kigumu. Gari zima likatetemeka. Nikamsikia mwenzangu, mume wangu, huko nyuma. Hakupiga kelele. Ilikuwa pumzi tu, imekatika katikati.

Ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa ya mgongo. Hawezi kukaa. Anasafiri amelala kiti cha nyuma, juu ya godoro la sponji nililolikata mwenyewe kwa mkasi wangu wa kazi, magoti kayakunja kama mtoto.

Nilimuuliza tulipofika chini, "Umeumia?"

"Endesha tu, bibie," akasema. Yeye alikuwa dereva wa malori mpaka mwaka juzi. "Miaka yote nimebeba mizigo ya watu. Leo mzigo ni mimi, na mzigo haulalamiki."

Ijumaa, 8 Machi

Limerudia, tena vibaya zaidi. Mama mkwe alikaa mbele, kashika dashibodi kwa mikono miwili. Tuliposhuka akaniambia, mbele ya mlinzi wa hospitali, "Gari halina kosa, mwanangu. Mguu wako ndio mzito."

Nikaenda kufungua mlango wa nyuma. Amekuja kukaa nasi tangu mwanawe alale kitandani, na tangu aje hakuna nilichofanya kikafanyika sawa. Chai yangu nyepesi, mguu wangu mzito.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelipeleka gari kwa shemeji, mdogo wake mwenzangu. Ana gereji nyuma ya maduka ya mbao, na watu wote wanamwita Spana, hata mkewe. Alikuwa chini ya gari la mtu. Akatoka, akajifuta mikono, akaanza kulitazama gari kabla ya kunitazama mimi.

"Kaka anaendeleaje?"

"Njoo umwone."

"Nitakuja, shemeji. Wiki hii kazi zimenikaba koo."

Alisema hivyohivyo wiki iliyopita, na ile ya kabla. Mwenzangu ndiye aliyemlea, baba yao alipofariki. Alimsomesha ufundi, akamnunulia jeki ya kwanza. Sasa hana hata nafasi ya kuja kunywa maji.

Akafungua matairi ya mbele. Akanionyesha pedi za breki, moja imekwisha mpaka chuma, mwenzake bado nene. Akaweka mpya. "Mchawi ndiye huyu," akasema. "Nenda kwa amani."

Jumanne, 12 Machi

Bado linatetemeka.

Jumatano, 13 Machi

Mvua kutwa. Amekula vijiko viwili vya uji, kimoja kikarudi.

Ijumaa, 15 Machi

Leo niliukwepa mteremko. Nikapita njia ya kuzunguka, nyuma ya viwanda. Niliruka majivu nikakanyaga moto. Maji yamejaa barabarani, huoni shimo liko wapi, na kila shimo ni breki, na kila breki ni tetemeko. Nilikuwa nasema, "Samahani, samahani, samahani," mpaka mwenzangu akasema kutoka nyuma, "Ukisema samahani tena nitashuka nitembee." Mtu ambaye hafiki hata mlangoni.

Nikacheka kidogo. Halafu nikaona kwenye kioo amefumba macho na machozi yanamtoka pembeni, yanaingia sikioni. Hakujua kwamba namwona.

Jumamosi, 16 Machi

Tena kwa Spana. Safari hii niliingia nimefura.

"Shemeji, gari hili si la kwendea sokoni. Ndani yake nambeba nduguyo."

Akachukua ufunguo, akaenda nalo barabarani peke yake, akarudi. Akavua tairi, akalizungusha lile bamba la chuma la duara linaloitwa diski, kidole chake kikiwa karibu nalo bila kuligusa. Upande mmoja likawa karibu na kidole, upande mwingine likawa mbali.

"Limepinda," akasema. "Ukikanyaga breki, pedi zinalibana. Likiwa limenyooka, gari linapunguza mwendo polepole. Likipinda, pedi zinapanda mlima zinashuka bonde, ndiyo huo mtetemo. Lazima yachongwe yote mawili."

Yatachongwa kwa fundi mwenye mashine ya kuchongea vyuma, lakini umeme umekatika huko kwa sababu ya mvua. Gari libaki gereji.

"Na Jumanne nampeleka na nini?"

Akatazama chini. "Chukueni teksi, shemeji."

Hakusema, "Nitakuja niwapeleke." Nilisubiri aseme. Nikaondoka kwa miguu, mvua ikininyeshea, na wala sikufungua mwavuli.

Jumanne, 19 Machi

Teksi. Sitaandika habari zake.

Alhamisi, 21 Machi

Gari limerudi, limeletwa na fundi mwingine. Spana mwenyewe hakutokea. Huyo fundi alitaka kunieleza jinsi walivyosugua kutu na kuchonga diski, mimi nikampokonya ufunguo. Nikaenda mwenyewe mpaka kwenye mteremko. Nikakanyaga breki pale juu, nikakanyaga katikati, nikakanyaga karibu na daraja.

Usukani umetulia kama sufuria juu ya meza.

Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Nilicheka kwa sauti.

Ijumaa, 22 Machi

Siku njema. Niiandike vizuri, maana sijui nyingine itakuja lini.

Tumeshuka mteremko wote nikiwa na vidole viwili tu kwenye usukani. Nikauliza, "Vipi huko nyuma?"

"Limepona," akasema mwenzangu.

"Hujasikia kitu?"

"Nimesikia injini. Inaimba."

Nikacheka tena, nikageuka kumtazama, Mama mkwe akanikemea nitazame mbele. Halafu, mtu huyu asiyesifu kitu, akasema, "Leo mguu umekuwa mwepesi."

Nilifika nyumbani nikapika kama kuna wageni. Mwenzangu alikula kidogo, akasema amechoka. Mimi nilishona mpaka jioni na wimbo mdomoni. Siwezi kumponya. Hilo nimeshalijua, ingawa hakuna aliyelitamka. Lakini hiki kimoja nimekiweza.

Ijumaa, 29 Machi

Mama mkwe amekataa kukaa mbele. Amejibana nyuma, kwenye sakafu, kati ya viti, mikono yake kaipitisha chini ya kiuno cha mwanawe. Nilimwambia ataumia magoti. Akaniambia niendeshe gari.

Nadhani hataki kukaa karibu nami. Basi.

Jumanne, 2 Aprili

Daktari ameongeza dawa ya maumivu. Anasema ajabu ni kwamba mgonjwa anafika hospitali akiwa hoi kuliko anavyotakiwa kuwa. "Safari yenu ni ndefu?" akauliza. Nikamwambia si ndefu, na gari tumeshalitengeneza.

Basi ni ugonjwa. Unapanda.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilipokuwa nakunja blanketi lake la safari nimekuta pindo limetafunwa. Nyuzi zimetoka, kitambaa kimelowa. Mshono ule nilishona mwenyewe mara mbili. Panya wameingia ndani ya gari, kwa sababu ya mvua wanatafuta pakavu. Nimetega mtego chini ya kiti.

Jumanne, 9 Aprili

Mtego mtupu. Pindo limetafunwa upande wa pili.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua imeng'oa bati moja la jikoni. Mwenzangu hakusema neno njia nzima, kwenda wala kurudi. Nikamwuliza kama amelala. Mama mkwe akajibu kwa niaba yake, "Amelala." Nilitazama kwenye kioo. Macho yalikuwa wazi.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo nitaandika yote.

Vipanguzi vya kioo vilikufa jana, nikaenda gereji. Spana akasema vipuri viko kwa jamaa yake ng'ambo ya daraja, twende naye. Kiti cha mbele alikuwa ameweka betri ya mteja. Nikapanda nyuma, nikakaa juu ya lile godoro la sponji. Ni mara yangu ya kwanza kukaa huko tangu mwaka huu uanze.

Tukaanza kushuka. Mbele kulikuwa na foleni. Spana akakanyaga breki.

Kiti kikanigonga. Sijui niseme vipi. Hakikuruka wala hakikupiga kelele. Kilikuwa kinagonga chini kwa chini, du-du-du-du, mfululizo, kwenye makalio, kikipanda uti wa mgongo mpaka kwenye meno. Mimi ni mzima na nilitaka kikome.

"Simamisha gari."

"Hapa, shemeji? Kuna magari nyuma."

"Simamisha nakwambia!"

Akavuta pembeni. Nikamwuliza, "Umesikia?"

"Nini? Usukani umetulia kabisa."

"Njoo huku nyuma. Mimi naendesha."

Akaja, akakaa. Nikamwambia, "Usikae. Lala. Lala kama kaka yako anavyolala." Akanitazama kama nimepata wazimu. Kisha akalala, akakunja magoti, mtu mzima na ovaroli lake la grisi. Nikashuka naye mteremko na kila baada ya hatua chache nikakanyaga breki. Mikononi mwangu hakukuwa na kitu chochote. Kwenye kioo niliona uso wake ukibadilika.

Tulipofika kwenye tambarare baada ya daraja, mahali hapana magari, akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, usikanyage kitu. Vuta hendibreki polepole, ukiwa umebonyeza kitufe chake."

Nikavuta. Gari likaanza kugonga vilevile.

"Hendibreki inashika magurudumu ya nyuma tu," akasema. "Ni dramu za nyuma, yale mabakuli ya chuma yanayoshikwa na breki ndani ya gurudumu. Ubovu wa mbele ulikuwepo kweli, na wa nyuma ulikuwepo. Tulitibu jino moja, la pili likaendelea kuoza. Mimi nimelijaribu mara ngapi gari hili? Nimekaa mbele, nimeshika usukani kama mfalme. Sikuwahi kukaa anapolala yeye."

Halafu akalia. Alilia akiwa amelala palepale kwenye sponji, mkono wake mchafu usoni, na mimi nikazima injini, nikamwacha. Mvua ilikuwa inapiga paa. Baadaye akaniambia, bila mimi kumuuliza, "Nilifika kwenu mara mbili, shemeji. Nilisimama getini. Nikasikia anakohoa, nikarudi. Yule alikuwa ananibeba mabegani mpaka shuleni. Nikimwona hivyo nitavunjika mbele yake, na yeye hapendi mtu anayevunjika."

Nilikuwa nimeshamhukumu huyu. Nilikuwa nimemwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamwambia tu, "Njoo Jumatatu. Vunjika, tutakuokota."

Nilifika nyumbani jioni, nikaenda moja kwa moja kitandani kwa mwenzangu. Mama mkwe alikuwa anamkanda miguu.

"Ni dramu za nyuma," nikasema.

Mwenzangu akafungua macho. "Enhe," akasema. "Hasa ya kushoto."

"Ulikuwa unajua?"

"Bibie, nimeendesha malori nusu ya umri wangu. Breki ya nyuma ikiumwa naijua kama jina langu."

"Kwa nini hukusema?"

Alichukua muda kupata pumzi. "Ile siku ulicheka. Tangu nianze kuumwa sijakusikia ukicheka vile. Nikasema, acha acheke. Mgongo utavumilia."

"Na blanketi?"

"Panya."

"Panya mkubwa," nikasema.

"Panya mzee, hana meno ya nyuma," akasema, na akajaribu kutabasamu.

Nikamgeukia Mama mkwe. Yeye alikuwa nyuma siku zote hizo, kwenye sakafu, mikono yake chini ya kiuno cha mwanawe, akipokea mtetemo kwenye mifupa yake kabla haujafika kwa mwanawe. Na mimi nikadhani amenisusa. Nikamwuliza, "Na wewe, Mama?"

"Alinikataza," akasema, akaendelea kukanda. "Aliniapisha. Ningefanyaje? Kila mmoja wenu ananiomba kitu, na wote ni wanangu."

Nikaenda jikoni, pale bati lilipong'oka, nikasimama chini ya mvua iliyokuwa inaingia. Nilikuwa nimempeleka mtu wangu kwenye mateso wiki baada ya wiki, nikiimba.

Jumatatu, 15 Aprili

Spana amekuja, na dramu mbili mpya ndani ya gunia. Hakutaka kulipeleka gari gereji. Alisema kaka atataka kusikia.

Tukasogeza kitanda dirishani. Spana akafunga turubai juu ya gari uani, akapiga jeki. Dramu ya kushoto ikagoma kutoka, kutu imeishika. Akaanza kuigonga kwa nyundo.

"Usiipige hivyo kama unaua nyoka!" mwenzangu akaita kutoka kitandani. Ilikuwa sauti ndogo lakini ilikuwa sauti ya dereva. "Pembeni! Zungusha unapiga pembeni!"

"Kaka, mimi ndiye fundi!"

"Nani alikupa hilo jina? Hata kufunga nati nilikufundisha mimi!"

Mama mkwe akatoka na mwavuli, akaushika juu ya kichwa cha Spana, maana turubai lilikuwa linavuja hapohapo. Mtoto wake mmoja kitandani, mwingine tumboni mwa gari, na yeye kasimama katikati kwenye matope, viatu vimezama. Sijui kwa nini picha hiyo iliniuma kuliko zote.

Dramu ikatoka. Spana akaipandisha mpaka dirishani, akaizungusha mbele ya kaka yake.

"Imekuwa yai," mwenzangu akasema.

"Imekuwa yai, kaka."

Wakatazamana. Spana hakuvunjika pale. Alifunga dramu mpya zote mbili, akarekebisha hendibreki, akanawa mikono. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi na Mama mkwe tulikaa jikoni na beseni la kukinga maji ya mvua kati yetu, tukasikia mtu mzima akilia na mwingine akimwambia, "Basi, basi. Basi, mdogo wangu."

Mama mkwe akanimiminia chai. Nyepesi kuliko yangu.

Jumanne, 16 Aprili

Tulikwenda. Sikusikia kitu mikononi. Kwenye kila breki nilimwuliza Mama, siyo mwenzangu, maana yeye simwamini tena kwa jambo hilo. Mama alikuwa kwenye sakafu palepale. Akajibu kila mara, "Hakuna." Pale kwenye mteremko niliuliza mara nyingi mpaka akachoka, akasema, "Mwanangu, nimekwambia hakuna. Hakuna kabisa."

Daktari alisoma majibu ya vipimo, akamwomba Mama abaki na mgonjwa, akaniita pembeni, kwenye korido yenye viti vya plastiki. Alizungumza kwa upole. Alisema dawa zimefika mwisho wa uwezo wake. Alisema kumleta huku sasa ni kumchosha. Atatupa dawa ya maumivu ya kutosha na muuguzi atakuja nyumbani.

"Msimlete tena," akasema. "Asisumbuliwe na safari."

Nikamwambia, "Lakini gari limepona."

Alinitazama. Sijui alinielewa vipi. Nikarudia, kama mjinga, "Gari limepona jana, daktari. Haliumi tena. Naweza kumleta kila siku."

Akaniwekea mkono begani.

Mama alinisoma usoni nilipotoka. Hakuuliza. Alisema atatangulia kurudi kwa gari la jirani tuliyemkuta hospitalini ili atandike kitanda, lakini nadhani alitaka kulia mahali ambapo hatumwoni.

Tukarudi wawili. Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Nilimwambia ukweli kabla hatujatoka kwenye maegesho, maana tulishadanganyana vya kutosha.

"Amesema tusije tena."

"Nilijua," akasema. Kisha, "Endesha tu, bibie."

Niliuanza mteremko. Foleni ilikuwa ndefu, breki, simama, nenda, breki. Gari liliteremka kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba. Katikati ya mteremko nikaona amenyamaza muda mrefu, nikatazama kwenye kioo. Kinywa kilikuwa wazi. Blanketi lilikuwa linapanda na kushuka kifuani. Amelala. Msimu mzima sijamwona amelala ndani ya gari hili. Hata kitandani analala kwa vipande, anashtuka, anauma meno. Leo uso ulikuwa umelegea kama wa mtu asiye na deni na mwili wake.

Nikapita daraja. Nikaingia mtaa wetu. Nikaiona nyumba, na Mama mkwe ameshafungua geti, kasimama pembeni anatusubiri.

Kuingia getini ni lazima nisimame, nizime injini, nifungue mlango, tumnyanyue. Akinyanyuliwa ataamka, na akiamka itaanza upya, na kuanzia hapo hatatoka tena ndani ya chumba kile.

Sikukata kona. Nikapita.

Nikaenda mpaka mwisho wa mtaa, nikazunguka, nikarudi. Mama alikuwa bado getini, ametoka mpaka barabarani, uso umejaa hofu. Nikapunguza mwendo karibu yake mpaka gari likawa linatambaa. Akainama, akatazama ndani kupitia kioo cha nyuma. Alimtazama mwanawe kwa muda.

Kisha akanyoosha mkono wake na kuupunga mbele, polepole, jinsi mtu anavyomruhusu dereva kuendelea. Nikaendelea. Kwenye kioo nikamwona analifunga geti, taratibu, kwa mikono miwili, lisipige kelele.